Asiye na pesa achange nini?

Siku hizi Dar es Salaam harusi inaanzia kwenye simu. Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya maharusi watarajiwa, na katibu wa kamati keshabandika orodha: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki moja na nusu. Jioni orodha inabandikwa tena, na aliyemaliza ahadi yake anawekewa tiki ya kijani.

Sina ugomvi na michango. Bila michango, harusi nyingi nilizohudhuria zisingefanyika. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, ndugu aliyeko Songea au Bukoba anachangia harusi ya Mbagala bila kupanda basi, na hilo ni jambo la heri. Kinachonisumbua ni kwamba kwenye orodha ile hakuna nafasi ya mtu aliyekuja na mikono yake.

Nimekulia Magomeni, kwenye nyumba yenye ua wa pamoja. Harusi ikikaribia, wanawake wa mtaa walianza kumiminika tangu juzi yake, kila mmoja na kisu chake kwenye mfuko. Huyu kakalia mbuzi anakuna nazi, yule ana ungo anachagua mchele, wengine wanamenya vitunguu huku machozi yanawatoka na hadithi zinaendelea. Sisi watoto tulitumwa kuazima masufuria na masinia nyumba hadi nyumba. Wanaume walifunga turubai, wakapasua kuni, wakachinja. Mjane mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa muuza maandazi, na sidhani kama aliwahi kutoa shilingi kwenye shughuli ya mtu. Lakini sufuria la pilau halikufunikwa mpaka yeye aonje chumvi. Hakuna aliyemuuliza amechanga kiasi gani. Pale uani alikuwa mkubwa kuliko wenye magari.

Na pale ndipo mambo ya mtaa yalipojulikana: nani anaumwa na hajapelekwa hospitali, binti gani kaachwa na watoto, nani na nani hawasalimiani. Mara nyingi walionuniana walipangwa kwa makusudi kwenye beseni moja la vitunguu, na wazee wetu walijua wanachokifanya.

Sasa chakula kinapikwa na mpishi wa kukodi, sahani zinahesabiwa kwa vichwa, na mlangoni mwa ukumbi anasimama kijana wa kukagua kadi. Kwenye harusi moja ya karibuni hapa mtaani, mama jirani aliyembeba bibi harusi mgongoni tangu mchanga alibaki kibarazani kwake, kwa kuwa hakuwa na laki. Nilipompitia kesho yake kumjulia hali, aliniambia, "Mwanangu, wangenipa hata chai niwapikie." Hakulalamika zaidi ya hapo. Mimi nimekaa na neno lile muda wote huu na halijanitoka.

Najua kwa nini tumefika hapa. Wengi tumepanga vyumba, ua hatuna. Ndugu wametawanyika, huyu Chanika, yule Kibaha. Wanawake wanatoka kazini usiku, na kupikia watu mia tatu kwa kuni ni kazi ya kuvunja mgongo iliyokuwa ikiwaangukia wao zaidi. Siombi mama zetu warudishwe kwenye moshi kwa lazima.

Ila angalieni msibani. Msibani hakuna kadi. Daftari la rambirambi lipo, sawa, lakini mtu asiye na kitu anakuja, anashika jembe makaburini, anateka maji, anakesha na wafiwa, na hakuna wa kumzuia mlangoni. Tumeweza kulinda hilo kwenye kifo, katika mji huuhuu wenye foleni na vyumba vya kupanga. Kwa nini jirani yangu awe na haki ya kunizika na asiwe na haki ya kuniona nikiolewa?

Mdogo wangu anaolewa baada ya Ramadhani, na kikao cha kwanza cha kamati kimekaribia. Nitaomba mambo mawili. Ukumbi uwepo kama bwana harusi anavyotaka, lakini chakula cha mchana wa siku ya ndoa kipikwe nyumbani, watu waje na visu vyao, na wanaume washike mwiko pia. Pili, katika orodha ya katibu iongezwe safu ya kazi: aliyekuna nazi, aliyebeba viti, aliyelinda watoto, majina yao yaandikwe pamoja na ya waliotoa laki, na kila mmoja apewe kadi ya ukumbini. Mama jirani nimeshamwambia. Ameuliza mchele utakuwa wa Mbeya au wa Morogoro, maana anataka kujua ataweka maji kiasi gani.