Vyuma vya Lango, Kimilili

Mwaka ambao baba mdogo alistaafu udereva wa lori na kurudi nyumbani Kimilili, jambo la kwanza alilotaka kulikamilisha lilikuwa lango la boma. Alinunua vyuma vya mraba na bawaba, akaazima mashine ya kuchomelea kwa jirani, na grainda ndogo, mashine ya mkono ya kukata chuma kwa diski inayozunguka, akaichukua mwenyewe Bungoma mjini. Mimi nilikuwa nimesomea ufundi wa mitambo chuoni Kisumu, kwa hiyo niliitwa nije kusaidia kukata vipande. Nilipofika asubuhi nilikuta vyuma vimetandazwa kando ya ghala la mahindi, grainda imevuliwa kinga, yaani kile kifuniko kinachoizingira diski, na mahali pa diski ndogo pamefungwa diski kubwa iliyochakaa.

Diski ile alikuwa amepewa bure na fundi mmoja. Wenye grainda kubwa hutumia diski za milimita 230, na zikilika kiasi cha kutofikia tena kina cha kazi yao, huwagawia wenye mashine ndogo, kwa kuwa bado zinaipita kwa ukubwa diski ya milimita 115. Tundu la katikati ni lilelile, milimita 22.23, hivyo diski huingia bila taabu. Kinachoizuia ni kinga peke yake, nayo kuivua ni kazi ya dakika moja. Katika mazoea yote ya kukata chuma nyumbani, hakuna linalonitia hofu kama hili, kwa sababu anayelifanya huamini kwa moyo safi kwamba anabana matumizi.

Sikuweza kumkosoa baba mdogo mbele ya wanawe. Nilimwambia, "Baba, kabla hatujawasha, naomba tusome pamoja maandishi ya diski hii." Akaifungua, akavaa miwani yake ya kusomea, akasoma kwa sauti: mita 80 kwa sekunde, mizunguko isiyozidi 6,600 kwa dakika. Kisha nikamwonyesha kibandiko cha grainda, ambacho kilisema 11,000. Tulipima diski, tukapata upana wa sentimita 18 hivi, nami nikapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi ya saruji: ukingo wake ungekwenda karibu mita 104 kwa sekunde. Kwa kuwa yeye ni mtu wa barabara, nilimgeuzia hesabu ile iwe ya kilomita. Diski imeruhusiwa kwenda 288 kwa saa, na sisi tulitaka kuipeleka zaidi ya 370.

"Na ikipasuka?" aliuliza.

"Vipande vinatoka kwa kasi hiyohiyo, baba, na kinga iko pale chini."

Alinyamaza, akaigeuza diski mkononi. Nilimwonyesha pia pete ya chuma iliyo katikati, palipogongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa maana gundi inayoshika chembe za diski huzeeka na kuingiwa na unyevu hata kama haijakata kitu. Tarehe ilikuwa imepita. "Hili ni tairi kuukuu chini ya mzigo," alisema, akamtuma mwanawe dukani alete diski za milimita 115 na kumsisitizia asome tarehe kabla ya kulipa.

Kinga ilirudishwa mahali pake. Nilipoomba tuhame kutoka ghalani, baba mdogo aliona ni usumbufu, maana vyuma vilikuwa vizito. Lakini cheche za grainda huruka mita kadhaa, na moja ikizama kwenye maganda makavu ya mahindi inaweza kufuka polepole na kuwaka watu wakiwa wamekwisha kwenda kula. Tulihamia kwenye udongo mtupu, mama mdogo akaleta ndoo ya maji na kuwaweka watoto upande wa jikoni. Waya wa umeme tuliukunjua wote, kwa sababu ukiachwa umeviringishwa hupata joto.

Kuhusu macho sikukubali mjadala. Miwani ya kusomea haizibi pembeni, na chembe ya chuma ikikwama juu ya mboni huanza kushika kutu na kuacha duara la kutu ambalo ni la kuondolewa na mtaalamu wa macho, wala si na jirani mwenye ncha ya leso. Nilikuwa nimekuja na miwani ya kinga miwili, tukavaa.

Kipande cha kwanza baba mdogo alikiegemeza ncha zote mbili juu ya matofali na kuanza kukata katikati. Chuma kililegea, mfuo uliochimbwa na diski ukaibana diski yenyewe, na grainda ikaruka kumwelekea. Aliidhibiti kwa sababu alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, na alikuwa amesimama kando ya mstari wa diski kama tulivyokubaliana. Tulizima. Tangu hapo kila chuma tulikibana upande mmoja karibu na mahali pa kukata, upande wa pili ukaachwa uanguke wenyewe, mfuo ukawa unafunguka badala ya kufunga. Kazi ilikwenda vizuri hadi jioni.

Tulipomaliza tulikaa pale kwa muda, tukiangalia kama kuna mahali panapofuka moshi. Baba mdogo aliichukua ile diski kubwa, akaiweka juu ya jiwe na kuivunja kwa nyundo, miwani ya kinga ikiwa bado usoni. "Nikimrudishia yule fundi," alisema, "atampa mtu mwingine."