Ngoro za bibi

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani tu, bibi alipoamua kwamba Machi hiyo nami nishike kazi ya wanaume kwenye ngoro, yale mashimo ya mlimani yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua, mazao yakipandwa kwenye kingo zake. Shamba lake lilikuwa Umatengo, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, kwenye mteremko mkali ambao mgeni angeapa kwamba haulimiki. Wamatengo wameilima milima ile kwa zaidi ya miaka 100.

Majani yalishafyekwa na kuachwa yakauke. Mimi na wajomba tukayalaza kwa mistari, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata, mpaka kilima kizima kikawa miraba mitupu. Bibi alipita nyuma yetu akikanyaga kila mstari kwa kisigino. Palipobonyea sana alisimama.

"Ongezeni hapa. Haya ndiyo mbolea yetu, msiyafanyie choyo."

Kisha wanawake wakaingia na majembe, na kusema kweli mzigo mkubwa wa ngoro wanaubeba wao. Mama mdogo alifunika majani kwa udongo kidogo, akamwaga maharage juu yake, halafu akachimba katikati ya mraba na kuutupia udongo ule juu ya mbegu. Pakabaki shimo, limezungukwa na kingo zenye mbegu.

Mvua ilitukuta hatujamaliza. Njia ya kupandia mlimani ikageuka mfereji wa tope jekundu. Shambani maji yaliingia mashimoni yakatulia, tope likazama. Shimo lililofurika lilimwagia la chini yake, polepole. Bibi akaninyooshea kidole.

"Unaona, mume wangu? Udongo wetu haujaenda kwa watu."

Baadaye nimewasikia wataalamu wakitaka milima kama ile ilimwe kwa matuta na mbolea ya dukani. Sina ugomvi na mbolea. Ila bibi hakuwa na fedha ya kuinunua, na bila maarifa ya wazee wake tungelala njaa.

Maharage tuliyavuna vizuri. Desemba, tulipopanda mahindi kwenye kingo zilezile, majani yalikuwa yameoza, udongo mweusi, laini, unachimbika kwa vidole. Mbegu bibi aliishusha darini jikoni, ilikokaa kwenye moshi isiliwe na wadudu. Palizi ilipofika, magugu yote tuliyatupia mashimoni yaoze humo, kwa sababu mistari ya majani ya ngoro zitakazofuata hulazwa hapohapo palipokuwa na mashimo.