Imeandikwa dola 25, lakini si dola 25

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaachiwa vitu vya kila aina na wageni: viatu, majaketi, tochi za kichwani. Siku hizi mara mojamoja inakuja na chipu ya kasino, kile kisahani kidogo cha mviringo kinachotumika kamarini badala ya pesa. Kijana akishuka Moshi anaileta moja kwa moja mezani kwangu, soko la mitumba la Memorial, maana wameshaambizana kwamba yule dada wa vichezeo vya mtumba huwa ananunua.

Wa juzi alileta ya kijani, ya kasino ya Riviera, Las Vegas. Hesabu ameshapiga njiani: "Dada, hiyo ni dola 25. Nipe elfu hamsini tu, kinachobaki chako."

Nikamwambia, mdogo wangu, Riviera ilifungwa Mei 2015, na mwaka uliofuata majengo yakalipuliwa. Kasino ikifungwa, watu hupewa muda wa kurudisha chipu na kuchukua hela zao. Muda ukipita, ile namba ni pambo. Na hata ingekuwa bado inafanya kazi, nani angeipeleka mpaka Las Vegas? Kasino ya hapa haina deni nayo. Anayeitaka sasa ni mkusanyaji wa chipu za zamani, naye hatazami namba kwanza.

Anatazama ukingo. Chipu ambayo haijachezewa sana ina kona kali na ukiisimamisha kwa ubavu inatulia. Iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi imelika, inayumba na kulala. Niliisimamisha yake pale mezani, ikalala, akaona mwenyewe.

Halafu ninailaza kwenye mwanga wa pembeni. Chipu za chapa ya Paulson, zile zinazotengenezwa Mexico, nyingi zina vikofia na vifimbo vidogo vimezunguka uso wote, vimo kwenye chipu yenyewe, havikuchapwa juu. Zikichezewa sana vikofia vinafutika, na bei inafutika navyo. Kwenye ile ya kijana vilibaki vya upande mmoja. Tukaelewana elfu kumi na tano, akaondoka ananung'unika kidogo, haki yake.

Wengine wanaamini nzito ndiyo orijino. Zile nzito za kwenye masanduku ya alumini nyingi ni plastiki yenye kipande cha chuma ndani. Za Paulson huitwa za udongo, ingawa udongo ni sehemu tu ya mchanganyiko, na ni nyepesi zaidi. Mimi ninayo sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Chipu ikinasa, inaenda kwenye ndoo ya watoto, mia mia. Iliyotobolewa tundu ninanunua pia, ila kwa bei ya chini, kwa sababu hapo kasino yenyewe ndiyo iliyoifuta isitumike tena.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba ya dola 1 ya kasino iliyokufa zamani inaweza kuishinda ya dola 100 ya juzi. Kasino ikifungwa, chipu zake nyingi huharibiwa, hivyo bei inafuata zimebaki ngapi.

Wanunuzi wangu ni wa aina mbili na hawafanani kabisa. Wakusanyaji wanataka mojamoja, na wanasumbua kwa picha: mbele, nyuma, ubavuni, tena mbele. Wageni wa mtaa wa Shanty Town, hapa Moshi, wanaocheza karata Ijumaa wanataka treya nzima ya 100, mistari mitano ya 20, na hawajali kasino gani mradi zilie vizuri zikigongana. Hao ndio wanaolipa bila maneno.

Mama mkwe, Mlutheri wa benchi la mbele, anasema ninauza vifaa vya kamari. Lakini mwezi uliopita alinipigia kuuliza kama ile nyekundu aliyoiona kwa jirani ni ya maana. Ilikuwa ya plastiki.

Jumatano nitakuwa Arusha, soko la Kilombero, kufuata belo la vichezeo. Mwenye chipu aje nazo, hasa za kasino za Afrika Mashariki zilizokwisha kufungwa. Tafadhali usizioshe kwa Jiki.