Msiwanyweshe Wanadhiri

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kinachonielemea wiki hii ni jioni. Nimeutenga mwezi mzima mbele za Mungu bila kileo cha aina yoyote, na mchana hupita bila shida. Lakini kazi zikiisha na mwili ukitafuta kupumzika, inakuja kiu ambayo maji hayaikati. Moyo unadai kile ulichozoea kupewa saa hiyo, na ukinyimwa unanuna. Nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba nikiisema Zaburi ya 63, "Nafsi yangu inakuonea kiu, mwili wangu wakuonea shauku," mpaka saa ile ipite. Kuna siku inapita upesi. Kuna siku nairudia zaburi hadi maneno yanakuwa ya Daudi peke yake, bado hayajawa yangu, nami naendelea kuyasema.

Hakuna aliyewahi kuniona nimelewa, na ndiyo maana nilikaa miaka bila kujiuliza lolote. Tulio wengi kanisani tuko hapo. Tunaijua Mithali 23, tunawajua wenye macho mekundu na jeraha zisizo na sababu, tunashukuru kwamba hatumo. Lakini Paulo anatupimia kwa kipimo kingine: "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Hamwulizi mtu kama anapepesuka. Anamwuliza nani anamtawala. Swali hilo halijibiki huku glasi iko mkononi. Ni lazima iwekwe chini kwa muda wa kutosha, ndipo mtu ajue kilichokuwa kikimwamuru.

Dada mmoja katika Bwana aliniuliza: kama ni vibaya, si uache kabisa? Na kama si vibaya, mwezi wa nini? Nimekaa na swali lake, na jibu nimelipata katika Hesabu 6. Pale Mungu anampa kila Mwisraeli, mwanamume au mwanamke, nafasi ya kuweka nadhiri ya Mnadhiri kwa muda. Samsoni, Samweli na Yohana Mbatizaji tunawakumbuka kwa sababu wao waliwekwa wakfu tangu tumboni, ila sheria yenyewe iliandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye shamba na watoto, aliyetaka kusogea karibu na Mungu kwa siku alizoziahidi. Siku hizo hanywi divai wala kileo, hali hata zabibu kavu, tangu kokwa hadi maganda. Zikitimia, anakwenda mlangoni pa hema na sadaka yake, na mstari wa 20 unasema wazi kwamba baada ya hapo Mnadhiri aweza kunywa divai. Wayahudi katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria za mapokeo, waliongeza kwamba mtu akiweka nadhiri hii bila kutaja muda, muda wake ni siku 30. Mwezi, basi. Danieli naye, katika sura ya 10, alikaa majuma matatu kamili bila nyama wala divai kuingia kinywani mwake, na ni wazi kwamba nje ya majuma hayo alikuwa akitumia. Kwa hiyo kuacha kwa muda kuna mizizi katika Maandiko. Mtu anaweza kukiweka kando kilicho halali kwake, kwa ajili ya Mungu, bila kukiita dhambi na bila kumhukumu jirani yake.

Mwili nao unapata fungu lake. Mwaka 2018 madaktari wa London walichapisha katika jarida la BMJ Open walichokiona kwa watu 94 waliokuwa wakinywa kwa kiasi cha kati hadi kikubwa. Walioacha kwa mwezi mmoja, shinikizo lao la damu lilishuka, uzito ukapungua kidogo, na ukinzani wa mwili dhidi ya insulini, ule unaomwelekeza mtu kwenye kisukari, ulipungua kwa takriban robo. Hata protini mbili zinazohusishwa na ukuaji wa saratani zilishuka katika damu yao. Tena haikuwa kwa sababu ya kubadili chakula au kufanya mazoezi. Ini ndilo linalonishangaza zaidi. Mafuta yaliyojazana ndani yake kwa ajili ya pombe huanza kuondoka ndani ya majuma machache tu ya kupumzishwa, mradi halijafika hatua ya kuwa na makovu makubwa. Mwumbaji alikiumba kiungo hicho na uwezo wa kujijenga upya, na sisi tumekuwa tukikinyima nafasi.

Usingizi pia. Pombe humlaza mtu haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inamrudishia deni: anaamka-amka, usingizi wa ndoto unakatwa, na asubuhi anaamka amechoka ingawa alilala saa nyingi. Tunalalamika kwamba sala ya alfajiri inatushinda, tunakemea roho ya uzito, kumbe mengine yalianzia mezani jana yake. Mimi sasa alfajiri naamka nikiwa mzima wa akili, na Neno ninalolisoma linakaa. Hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Fedha sisemi sana. Kila mmoja aweke kando alichokuwa akinunulia kinywaji, mwisho wa mwezi akihesabu, amtafute mwenye uhitaji.

Sasa nifike kwenye neno ambalo limekaa kifuani mwangu tangu Jumapili, na naomba mnivumilie, maana nalisema kwa upendo. Kiu ya jioni siyo jaribu kubwa la mwezi huu. Jaribu kubwa limetoka kwa watu wa Mungu. Mezani pa waumini, kwenye sherehe tulizozifungua kwa sala na tukazifunga kwa sala, ndipo nilipoambiwa, "Moja tu haina neno." Nikaambiwa, "Kwani umeokoka kuliko sisi?" Nikanukuliwa Timotheo, mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, kana kwamba Paulo aliyekuwa akimshauri kijana mwenye maradhi ya mara kwa mara alikuwa akitoa amri kwa kila mwenye afya kwenye kila karamu.

Fungueni Amosi sura ya pili. Mungu anawasomea Israeli mashitaka yao. Wamemwuza mwenye haki kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu. Kisha anawakumbusha kwamba aliwainua baadhi ya wana wao kuwa manabii na baadhi ya vijana wao kuwa Wanadhiri. Na katika hati ile ile ya mashitaka, mstari wa 12, anasema: "Lakini mliwanywesha Wanadhiri mvinyo." Mmeona lilipowekwa? Liko pamoja na kuuza maskini na kuwafunga manabii vinywa. Kumsukumia kinywaji mtu aliyejitenga kwa ajili ya Mungu, sisi tunauita ukarimu. Mbinguni umeandikwa mahali pengine.

Na hebu tuangalie tunavyofanya. Mwanamke akikataa glasi, anaulizwa mbele ya watu kama ana mimba. Mwanamume akikataa, anaulizwa yuko kwenye dozi gani. Hatujui tunagusa nini. Yule mwanamke huenda alipoteza mimba mwezi uliopita na hajamwambia mtu. Yule mwanamume huenda ana miaka anapigana na chupa kwa siri, na leo ndiyo siku ya kwanza amepata nguvu ya kusema hapana mbele ya watu, nasi tunamkalisha kitako atoe maelezo. Akishindwa kuyatoa anapokea, ili yaishe. Anakunywa moja. Kisha anakwenda kuzimaliza nyingine mahali ambapo hatumwoni, na kesho tunauliza kwa nini fulani haonekani ibadani. Habakuki hakutafuna maneno: "Ole wake yeye ampaye jirani yake kileo."

Wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, akina mama na akina baba mnaoandaa meza, nawasihi. Maji na juisi vikae meza ile ile na vinywaji vingine, kwa glasi zile zile, visiwekwe pembeni na watoto. Mtu akisema "nashukuru, mimi maji," jibu letu liwe kumletea maji, na mazungumzo yaendelee yalipokuwa. Asiulizwe sababu. Asiombewe kwa sauti. Asisifiwe hata, maana kusifiwa nako kunamfanya awe maonyesho. Na ninyi wanandoa, mmoja wenu akitenga mwezi, mwingine hata kama hajaitwa kwenye nadhiri hiyo, asiifungue chupa mbele yake jioni. Paulo aliwaambia Warumi kwamba ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai, kama kwa hilo ndugu yako hukwazwa. Upendo wa namna hiyo hauhitaji mahubiri marefu. Unahitaji mtu mmoja aamue kunywa chai pamoja na mwenzake.

Kwa vijana nasema hivi: mkiona mwenzenu amekaa kimya na soda yake, kaeni karibu naye. Msimwache peke yake, akafika mahali pa kuona kwamba bei ya kumtii Mungu ni upweke.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita, kwa sababu linahusu uhai. Kama wewe unakunywa kila siku, tena nyingi, na ukichelewa kunywa mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, usiache ghafla kwa ajili ya tafakari hii. Nenda kwanza kwa daktari. Mwili uliozoea pombe kwa kiwango hicho ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuingia katika degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na watu hufa. Kuna dawa za kukushusha salama chini ya uangalizi. Anayekuambia kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani, usimsikilize, hata kama ameshika maikrofoni. Luka alikuwa tabibu naye alitembea na mtume. Nenda, kisha rudi tuombe pamoja, na aliye karibu nawe akusindikize.

Kwa sisi wengine, tahadhari yetu ni ile nyumba ya Mathayo 12, iliyofagiwa na kupambwa lakini tupu. Jioni niliyoiondolea kinywaji lazima niipe kitu. Barua kwa Waefeso haikuishia kwenye "msilewe kwa mvinyo". Iliendelea, "bali mjazwe Roho," na mara baada ya hapo zinakuja zaburi, tenzi na nyimbo, tena za kusemezana, yaani za watu wawili au zaidi. Ndiyo maana wiki hii nimeacha kutembea peke yangu nyumbani. Kuna mpendwa ninayempigia saa ile ya kiu, tunasoma sura moja, tunaomba, tunaagana.

Mwisho wa mwezi tusiuache ufike wenyewe. Mnadhiri hakuziacha siku zake ziishe kimyakimya. Alipeleka sadaka, akanyoa nywele za nadhiri yake, zikatiwa motoni. Nasi siku ya mwisho tukae mbele za Mungu pamoja na mtu mmoja tunayemwamini, tujiulize: nilikuwa nakunywa lini hasa, na kwa ajili ya nini? Hasira? Upweke? Mazoea tu? Wapo watakaorudi kwenye kiasi kidogo kuliko walichoacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwafuatilia watu zaidi ya 800 walioshiriki Januari 2018 katika kampeni ya kuacha pombe kwa mwezi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2013. Ilipofika Agosti, siku zao za kunywa zilikuwa zimeshuka kwa wastani kutoka 4.3 hadi 3.3 kwa wiki, na 71 kati ya kila 100 walisema walilala vizuri zaidi. Wapo pia watakaogundua kwamba mwezi uliwatesa kupita kiasi, na hao wasione aibu kuendelea, wala kutafuta msaada.

Na kwako uliyeanza nasi ukaangukia katikati, Jumamosi ile, nawe unajificha: Hesabu 6 ilikufikiria. Kuanzia mstari wa 9 inamzungumzia Mnadhiri ambaye nadhiri yake imetiwa unajisi kwa ghafla, mtu amefia karibu naye. Hafukuzwi. Ananyoa, analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, kuhani anamfanyia upatanisho, naye anajiweka wakfu upya siku hiyo hiyo. Siku zake za kwanza hazihesabiwi, lakini anapewa nyingine. Wale watafiti nao waliona kwamba hata walioshindwa kumaliza walipata sehemu ya faida. Basi usingoje tarehe moja ya mwezi mwingine. Mwambie mtu leo, na jioni ya leo, saa ile ya kiu, mpigie simu.