Kima punju wa Jozani na makaa ya bibi

Boti ya kutoka Dar sitaielezea, ilijaa, nauli juu, joto ndani hatari, tuiache. Kilichonifanya niandike ni kima wa Jozani, ule msitu wa hifadhi kule Unguja.

Kiingilio cha Mtanzania ni cha haki sina neno, ila soda pale nje elfu tatu jamani! Mwongozaji akatupitisha msituni fasta kisha akatuvusha barabara mpaka kwenye mashamba ya watu, akasema kima punju huku ndo wengi. Kweli, walikuwa juu ya mti wa mkungu wanakula majani, migongo myekundu, nywele nyeupe zimewasimama, wala hawatujali.

Jirani hapo bibi mmoja anapika kwenye banda lake. Mara kima jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akashuka taratibu mpaka kwenye rundo la makaa, akachagua kipande, akapanda nacho mtini akaanza kukitafuna. Makaa! Nilibaki mdomo wazi.

"Shikamoo bibi, umemuona huyo?"

"Marahaba mwanangu. Hao wangu hao, wakishakula mkungu na mwembe lazima waje."

Mwongozaji akaeleza kwamba mikungu na miembe ni miti tuliyoipanda sisi binadamu, majani yake yana protini nyingi lakini pia yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa ndo yanazinasa. Watoto wanajifunza kwa mama zao. Yaani sisi tumewabadilishia msosi, wao wakajitafutia dawa kwenye majiko yetu, na hawa kima asili yao ni Unguja tu, sensa iliyotoka 2017 iliwakuta kama 5,800 hivi!

Sasa jamaa mmoja kwenye kundi letu, mtu mzima kabisa, akatoa ndizi mbivu na biskuti anataka kuwarushia apige picha. Mwongozaji akamzuia palepale. Tumbo la kima punju lina vyumba vyumba vyenye bakteria wa kuchachusha majani, ndo maana hata matunda wanakula mabichi, ukimpa vitu vya sukari vinachachuka kupita kiasi na asidi inaweza kumuumiza vibaya. Jamaa akanuna, eti "si ndizi tu bro". Iliniuma sana, maana yule mama na mtoto walikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa.

Nikakumbuka kwetu, njia ya Iringa. Basi likiingia hifadhi ya Mikumi madirisha yanafunguliwa, maganda, mikate, mahindi ya kuchoma, vyote vinarushiwa nyani na watoto wanashangilia, nao nyani wameshazoea wanakaa kando ya lami wakisubiri, wengine wanagongwa hapohapo. Toka utoto nimeona hivyo na hakuna mtu mzima aliyewahi kukemea. Mwezi ujao naenda kwa mama, na mtu akifungua dirisha pale Mikumi nitasema, hata basi zima liniite mnoko.