Mnada ukikwambia muuzaji hulipi kitu, chukua kalkuleta kwanza

Ami yangu hapa Majengo ana bamba la namba la gari la Safari Rally ya 1974, ile aliyoshinda Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Si bamba la Joginder, ni la gari lingine, alipewa na madereva wenyewe enzi hizo akiwa kijana wa gereji, na tangu hapo liko ukutani. Sasa macho yanamsumbua na matibabu ni pesa, akaamua aliuze. Tukaandikia kampuni mbili za mnada huko ng'ambo zinazouza vitu vya michezo.

Moja ikajibu muuzaji hakatwi hata senti, mnunuzi ndo anaongeza 25% juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho inayofikiwa mnadani. Ya pili ikasema inakata 10% kwa ami na 10% kwa mnunuzi. Ami hakufikiria mara mbili, akasema tupeleke kwa hao wa bure, na nyumba nzima ikamuunga mkono.

Mimi roho haikutulia kwa sababu dalali hapa kwetu tunamjua, akila huku na huku au akila upande mmoja, pesa ni ile ile ya mnunuzi. Mtu anayepandisha bei mnadani hua tayari ana kiasi chake kichwani, tuseme dola 1,200 kila kitu, na anapiga hesabu kurudi nyuma. Kwa wale wa 25% atasimama dola 960 na ami atapata 960. Kwa wale wa 10% na 10% ataweza kufika 1,090 hivi, wakikata chao ami anabaki na 981 na kitu. Kwahio wale wa "bure" ndo ghali! Nilimrudia ami hesabu hio mara tatu pale barazani mpaka akanyamaza.

Na hata zile bei za kwenye habari zisomeni hivyo hivyo. Kadi ya picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ya 1952 iliuzwa 2022 kwa dola milioni 12.6, lakini nyundo iligonga kwenye 10.5, hio 20% ya juu ni ya mnada, yaani zaidi ya milioni mbili.

Hii asilimia ya mnunuzi huko London haikuwepo, Christie's na Sotheby's, kampuni mbili kubwa za mnada, waliianza 1975 kwa 10%, na wafanyabiashara wa vitu vya kale wakakasirika sana. Alafu miaka ya 90 kampuni hizo hizo mbili zikakubaliana kisirisiri kuhusu makato ya muuzaji ili asipate pa kukimbilia, kesi ikafika mahakamani Marekani, wakalipa wateja dola milioni 512 na Alfred Taubman, aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's, akapatikana na hatia 2001. Nalitaja hili kwa sababu watu wetu wakiona asilimia imechapishwa kwenye fomu wanaichukua kama sheria ya serikali, na sivyo, ni bei kama bei nyingine, inapatanwa. Mwenye kitu kikubwa kinachogombaniwa anaambiwa sifuri na hata anarudishiwa sehemu ya ile ya mnunuzi. Mwenye kitu kidogo kama ami ndo analipa kamili, na juu yake kuna picha, bima, kuhakikiwa kama ni halisi, usafirishaji, na kwengine ukiweka bei ya chini na isifikiwe unalipishwa vilevile. Hilo linaniuma kwa kweli, maana mwenye kidogo ndo mwenye shida.

Juzi nimemwandikia ami barua, tumepeleka kote kuwili, swali ni moja: katika kila dola 100 atakazotoa mnunuzi, ngapi zitafika Mombasa? Wa 10% wamejibu kwa hesabu kamili, na gharama ya picha wameifuta. Wale wengine bado wiki ya pili hii.