Barua ya ajira iliyomfikia mdogo wangu

Jamani, someni hii hasa wenye vijana wanaotafuta kazi.

Mdogo wangu alipokea baruapepe ya kumpongeza kwa kupata kazi Umoja wa Mataifa. Nembo ipo, mshahara wa dola umetajwa, barua ya uteuzi ina mhuri kabisa. Sharti lilikuwa atume pesa ya vipimo vya afya kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Alikuwa ameshamwomba mama amkopeshe.

Nilimwambia aguse jina la mtumaji ili anwani kamili ionekane. Jina lilisema Umoja wa Mataifa, anwani ikawa ya Gmail. Tukafungua tovuti ya Umoja wa Mataifa kwa kuiandika wenyewe, bila kubonyeza kiungo kilichokuwa kwenye barua. Wameeleza wazi: hawatozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili au mafunzo.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe hakuwahi kuiomba. Hawa watu wanajua jinsi vijana wetu walivyohangaika, na ile haraka ya saa kumi wanaiweka makusudi ili mtu asipate muda wa kumuuliza mwenzake.

Hatukujibu hata neno. Tuliiripoti kama ulaghai humo humo kwenye Gmail. Zinazokuja kwa meseji, hapa Tanzania zipelekeni 15040. Na kama pesa imeshatoka, pigia mtandao wako wa simu papo hapo wajaribu kuzuia muamala, kisha nenda polisi. Usione aibu.

Mwenye barua anayoitilia shaka anitumie inbox, tuiangalie pamoja.